Pikapu ya Omukago

Mwezi uliopita nilikwenda kutazama gari la mkononi hapa Bukoba mjini, nikaondoka hata bei sijauliza. Muuzaji, kijana mpole tu, aliliwasha, akafungua boneti, ikanijia harufu tamu tamu, kama sukari iliyosahaulika jikoni kwenye sufuria. Wanaojua magari wataniambia hiyo ni kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Najua. Lakini ilinipanda kichwani, nikamfokea kijana wa watu maswali kumi kwa mpigo mpaka akasema, "Dada, kwani nimekukosea nini?" Hakuwa amenikosea kitu. Nilikuwa nagombana na baba yangu, na baba hakuwepo pale.

Nilikuwa darasa la pili. Tuliishi Ijumbi, mimi na baba wawili tu, kwenye kibanja alichoachiwa na babu, migomba na mibuni mpaka mlangoni. Mama alikuwa mwalimu, serikali ilikuwa imempangia Ngenge, kule chini bondeni kwenye mpunga na joto. Ni wilaya hiyo hiyo ya Muleba, lakini kwa barabara za wakati ule ungedhani amehamia nchi nyingine. Alikuja nyumbani Jumamosi moja kwa mwezi, akibahatika kupata lori. Anafika jioni amechoka hoi, Jumapili tunakwenda misa, tukirudi anafunga mkoba. Nilifikia kuichukia misa yenyewe, maana padri akishatubariki tu, mama ameondoka.

Baba alijitahidi, sitaki kumsingizia. Alipika ndizi zake, nje zimeungua, ndani zinagoma. Alinifulia sare, akaipiga pasi mikunjo mahali isipotakiwa. Usiku nililala nimejifunika kitenge cha mama, na siku baba alipokifua kwa nia njema kabisa nilisusa kula siku nzima, naye hakuelewa kosa lake ni nini. Mpaka leo sidhani kama anaelewa.

Ndipo siku moja akatoka mjini anatabasamu peke yake. Akasema kuna mtu Ijuganyondo, kule Bukoba, anauza pikapu. Ana leseni tangu ujana wake, alipokuwa akiendesha lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Bukoba, kwa hiyo udereva haukuwa tatizo. Ndizi na kahawa zingebebwa humo. "Na mama yako," akasema, "nitakuwa namfuata kila Ijumaa." Kila Ijumaa! Niliruka ruka uani mpaka kuku wakakimbia. Kuanzia hapo sikutaka kusikia habari nyingine duniani, nilitaka pikapu inunuliwe.

Ingenunuliwa kwa siku moja au ingekataliwa kwa siku moja, kama muuzaji angekuwa mtu baki. Lakini mwenye gari alikuwa Ta Kaijage, yaani Mzee Kaijage, na Ta Kaijage alikuwa omukago wetu. Wasiotoka kwetu niwaeleze kidogo. Zamani wanaume wawili waliopendana walichanjana kidogo tumboni, wakalipasua tunda moja la kahawa lenye buni mbili, kila mmoja akameza buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Hapo wamekuwa ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Hamdanganyani, hamnyimani, na atakayevunja, ile buni itavimba tumboni mwake. Babu yangu na baba yake Ta Kaijage walifanya hivyo, na udugu ule ukarithiwa na watoto, kama kibanja.

Tulikwenda Ijuganyondo Jumamosi moja asubuhi, mvua ya Bukoba ile isiyojua kukata inatunyeshea juu ya pikipiki. Nilifika natetemeka. Ta Kaijage alikuwa mzee mnene mwenye sauti ndogo. Alitukaribisha, mkewe akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akanipa mimi juisi ya ndizi. Wakasalimiana. Jamani, salamu za wazee! Waliuliziana watoto, ng'ombe, migomba, mnyauko wa migomba, waliokufa, waliokaribia kufa, wakati pikapu yenyewe imesimama pale nje, ya bluu, nzuri, na mimi roho inaniruka.

Nikachoropoka nikaenda kuitazama. Nikaegemea boneti, na boneti ilikuwa ya moto. Nililala juu yake kifudifudi, gauni langu lilitoa mvuke, nikasikia raha ambayo siwezi kuieleza. Halafu nikafikiri. Mimi nikiwa wa moto hivi, mama hunigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono na kusema nina homa. Nikaligusa gari kwa nyuma ya mkono. Naam, lina homa. Lakini sikuogopa. Homa ni malaria, malaria unameza vidonge siku tatu, siku ya nne unacheza. Nikaona si jambo la kuwasumbulia wazee.

Baba naye alikuja kulikagua. Alipiga tairi teke moja. Akafungua mlango, akaufunga. Ta Kaijage akaingia ndani kutafuta kadi ya gari, nami nikaitwa na mke wake nimalizie juisi yangu. Niliporudi baba alikuwa ameshafunga boneti, anajifuta vidole na jani la mgomba. Ta Kaijage akaja na kadi, baba akasema kwa heshima, "Gari zuri, waitu." Ta Kaijage akajibu, "Asante." Basi! Huo ndio ukawa ukaguzi wetu. Hakuuliza linauzwa kwa nini, halikuwashwa, hakuna aliyelizungusha hata mpaka barabarani.

Mama alipokuja mwisho wa mwezi walizozana mezani.

"Kwa hiyo hukumpeleka fundi?" mama aliuliza.

"Fundi wa nini? Nimpeleke fundi nyumbani kwa omukago wangu akamvue nguo?"

"Mbuzi wa juzi ulimpanua mdomo ukamhesabu meno."

"Mbuzi hakuwa wa Kaijage."

"Baba Koku, kuuliza si ujinga. Unataka kutununulia mbuzi kwenye gunia kwa sababu ya buni aliyomeza marehemu?"

Baba alinyamaza. Alikuwa na tabia hiyo ya kunyamaza kama mtu anayetafuna kitu, na ukimsubiri amalize unazeeka. Mimi pale chini kwenye mkeka nilikuwa nimemkasirikia mama. Nilijiambia, huyu naye vipi, kwani hataki kurudi? Nani amemwambia aulize ulize?

Wiki tatu baba alikuwa hanunui wala haachi. Asubuhi ananunua, jioni ameghairi. Akikutana na mtu njiani anamuuliza maoni, na mtu akitoa maoni anamchukia. Mwisho akapata ufumbuzi ambao ni baba yangu peke yake duniani angeweza kuupata. Alikwenda kwa fundi, Muleba mjini, lakini bila gari. Alinichukua na mimi. Fundi alikuwa anaitwa Sadati, kijana mwembamba, mikono myeusi mpaka viwikoni, na baba akamweleza pikapu ya Ta Kaijage kwa maneno, rangi yake, milango yake, tairi zake.

Fundi Sadati akamtazama. "Mzee wangu, unaniletea mgonjwa kwa mdomo?"

"Nieleze tu mtu anaangalia nini."

"Mtu anamleta fundi."

"Nimekuomba, kijana."

Fundi akapumua, akaweka spana chini. Akasema pikapu za aina ile ugonjwa wake ni gasketi ya silinda hedi. Ikiungua, maji yanaingia kwenye oili, injini inachemka mlimani. Unachomoa kijiti cha kupimia oili, ukikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, kimbia. Au unafungua rejeta injini ikiwa baridi, unawasha, unatazama kama maji yanatoa mapovu. "Ndiyo maana wajanja wanaliwasha kabla hujafika," akasema. "Injini ikiwa ya moto, nani atathubutu kufungua rejeta? Itambabua uso. Sasa wewe, mlipofika, boneti ilikuwa ya moto au baridi?"

Baba akasema hakushika. Halafu akakumbuka. "Koku, wewe ulikuwa umeliegemea. Lilikuwaje?"

Fundi akadakia, "Kama lilikuwa la moto, mzee, achana nalo kabisa."

Achana nalo kabisa. Nilikuwa na miaka minane, sikujua gasketi ni mnyama gani, ila neno achana nililielewa vizuri. Niliona Ijumaa zangu zote zinaondoka. Kwa ajili ya homa! Kwa nini wasilitie dawa tu? Wazee wangapi wanaugua na hatuachani nao? Nikamtazama fundi machoni kabisa, nikasema, "Lilikuwa baridi. Baridi sana."

Baba alifurahi, tena sana. Aliniwekea mkono kichwani, akamwambia fundi, "Unaona? Omukago hafichi." Njia nzima ya kurudi aliimba nyimbo za kanisani. Kesho yake alikwenda kununua gari.

Sasa zikaanza zile Ijumaa. Sitazisahau, na sitaki mtu yeyote azifanyie mzaha. Tuliondoka baada ya shule, mimi katikati ya kiti, tukateremka mpaka Ngenge, mama anatusubiri kwenye ngazi za nyumba ya walimu, miguu imejaa vumbi la chaki na vumbi la barabara. Usiku alikuwa jikoni kwetu. Jumamosi alikuwepo. Jumapili baba alimrudisha jioni, si mara tu baada ya misa. Nikaanza kumpenda padri tena.

Lakini tangu Ijumaa ya kwanza, wakati wa kupanda mlima, ile harufu tamu ilikuwepo. Ijumaa ya pili baba alibeba dumu la maji. Ya nne alibeba mawili. Tulipanda kidogo, tukasimama, baba akasubiri, akafungua rejeta kwa kitambara, akamimina, tukapanda tena. Mama akasema gari hili linakunywa kuliko harusi ya Kihaya. Baba hakucheka. Moshi mweupe ulitufuata mpaka watu wa njiani wakatuzoea, watoto wakawa wanatupigia kelele, "Treni hiyo! Treni!" Mimi nilikuwa nasema moyoni, mpeni dawa, mpeni dawa, na siku moja nilisema kwa sauti. Baba akanijibu, "Dawa gani?" kwa ukali ambao hakuwa nao kawaida.

Ijumaa ya tisa injini ilipiga kishindo kimoja katikati ya mlima, ikazima. Baba alikaa ameshika usukani kama bado anaendesha. Mama aliteremka, akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kupanda kwa miguu. Nilimfuata nalia. Nilikuwa nimemkasirikia kila mtu, gari, baba, mlima, na hata mama kwa kutolia.

Kesho yake asubuhi baba aliamka akavaa koti la misa. Akaniambia, "Twende Ijuganyondo. Wewe ni shahidi wangu." Shahidi wa nini, sikuuliza.

Ta Kaijage alitupokea vilevile, kikapu cha kahawa, juisi, salamu, migomba, mnyauko. Baba alitafuna kahawa yake taratibu. Nilitamani kumfinya. Hatimaye akasema, "Ile gari, waitu, imetuangusha mlimani."

"Pole sana," Ta Kaijage akasema. "Ni ile gasketi?"

Baba aliacha kutafuna. "Kumbe ulijua."

"Nilijua. Ungeniuliza ningekwambia."

"Ningekuulizaje? Wewe ni omukago."

"Ndiyo maana ungeuliza!" Ile sauti ndogo ikapanda ghafla. "Mtu baki nitamdanganya akiniuliza, wewe siwezi, tumbo litavimba. Nilikaa pale nasubiri swali lako. Ukapiga tairi teke, ukasema gari zuri. Nami nifanye nini, nikubishie?"

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na birika, haji wala harudi. Baba alisogea mbele ya kiti, na kwa mara ya kwanza katika habari hii yote nikamsikia akiuliza swali lenye mkia na kichwa.

"Kaijage. Siku ile uliliwasha kabla hatujafika?"

Ta Kaijage alitazama miguu yake. "Niliwasha," akasema. "Nilidhani utakuja na fundi. Nisamehe."

Ningekuwa baba, hapo ningesimama juu ya meza. Mtu amekiri! Lakini baba, Mungu amsaidie, alitikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Usijisingizie. Ilikuwa baridi. Mtoto huyu aliishika kwa mkono wake." Akanigeukia. "Mwambie, Koku."

Watu wazima watatu walinitazama. Ta Kaijage alijua. Alijua kabisa, nami nilijua kwamba anajua, nikaiweka juisi chini.

"Ilikuwa ya moto," nikasema.

Nilitegemea kofi. Baba hakunipiga. Aliinuka polepole, akakung'uta maganda ya kahawa kwenye koti lake, akamwomba msamaha Ta Kaijage. Yeye! Akamwomba msamaha mtu aliyemuuzia gari bovu, kwa kumletea shahidi mwongo. Ta Kaijage akasema walipane nusu kwa nusu, gari litengenezwe, mke wake pia akasihi. Baba akasema hapana, asante, alinunua kwa macho yake mwenyewe. Tukaondoka. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiuma, maana pale pale Ijumaa zangu zilikuwa zimewekwa mezani, akaziacha kwa adabu.

Tulisimama barabarani kusubiri usafiri. Baba akasema, "Ulitaka mama yako awe anarudi."

"Ndiyo."

"Nilikichomoa kile kijiti," akasema. Hakunitazama. "Kaijage alipoingia kutafuta kadi, na wewe ukaenda kunywa juisi. Chai ya maziwa tupu. Nilikuwa dereva wa lori miaka sita, Koku, sikumhitaji Sadati anieleze maana yake. Nilikirudisha nikafunga."

Sikuelewa. Nikamuuliza, kama alikuwa anajua, basi kwa fundi alikwenda kutafuta nini.

"Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia ninunue," baba akasema. "Ukatokea wewe."

Nimelichukia jibu hilo miaka yote. Nilikuwa mtoto, nilibeba ule uongo peke yangu wiki kwa wiki, kila dumu la maji lilipomiminwa nilijua ni mimi, kumbe pembeni yangu kuna mtu mzima amekaa na siri yake, anaendesha, na hata kwa Kaijage akajificha nyuma ya neno langu. Angeniambia hata kwa kukonyeza. Nami sasa nina mtoto wangu, na nikiwa mkweli najua alikuwa mpweke kiasi gani katika nyumba ile yenye ndizi zilizoungua, lakini kujua hakujaniondolea hasira.

"Usimwambie mama yako," akasema.

Tulifika nyumbani jioni. Mama alikuwa ameshapika, nyumba inanukia, akatuuliza kabla hatujakaa, "Kasemaje huyo?"

"Kasema hatukuuliza," baba akajibu.

Mama alitutazama, kwanza baba, halafu mimi, kwa muda mrefu. "Na ninyi mkamjibu nini?"

Baba akavua koti la misa, nami nikakimbilia kunawa mikono. Kesho yake baada ya misa alifunga mkoba, baba akamsindikiza mpaka barabarani, wakapata lori la mpunga linalorudi Ngenge. Nilikataa kuaga, nikakimbilia migombani, halafu nikajuta nikakimbia kurudi, lori limeshakata kona. Ijumaa nilitoka shule mbio, nikakaa mlangoni mpaka baba akaniita nile. Mama hakuja.